Mwenye kisukari akiumwa figo, tusikimbilie kusema ni sukari

Huku pwani ya Bagamoyo na jirani zake, kuanzia Bunju na Mapinga hadi Saadani, mtu mwenye kisukari akiamka uso umevimba na miguu haiingii kwenye viatu, hukumu hutoka kabla ya kipimo. Majirani watasema sukari imeshaingia kwenye figo. Mgonjwa mwenyewe atasema hivyo hivyo. Mara nyingi hata daftari la kliniki huandikwa hivyo: kisukari, figo, tarehe ya kurudi.

Na mara nyingi hukumu hiyo ni sahihi. Kisukari na shinikizo la damu ndivyo vinavyoongoza duniani kwa kuharibu figo. Lakini mara nyingi si kila mara, na pengo lililopo kati ya hizo mbili lina watu ndani yake. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walichapisha matokeo ya vinyama vya figo vya wagonjwa 620 wenye kisukari, vilivyochunguzwa katika maabara yao mwaka 2011. Asilimia 37 walikutwa na ugonjwa wa figo wa kisukari peke yake. Asilimia 36 walikuwa na ugonjwa mwingine kabisa, ambao kisukari hakikuhusika nao. Asilimia 27 waliobaki walikuwa na vyote viwili.

Takwimu hizi zina mtego. Mtu hachomwi sindano ya kutoa kinyama cha figo bila sababu. Wale 620 walifika pale kwa kuwa kuna daktari aliyeona jambo halikai sawa. Huwezi kuzibeba zilivyo ukasema theluthi ya wenye kisukari wa Bagamoyo wana ugonjwa mwingine. Kinachoweza kusemwa ni kwamba pale daktari anapopata shaka yenye msingi, mara nyingi shaka hiyo huzaa kitu. Swali ni nani anayepata shaka huku kwetu, na anaipata kwa kutazama nini.

Kwanza tujue ukubwa wa jambo. Utafiti wa vijijini Tanzania ulioongozwa na Donald McLarty na kuchapishwa mwaka 1989 ulikuta wenye kisukari hawafiki hata mtu mmoja katika kila watu wazima 100. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliopima watu wa miaka 25 hadi 64 mijini na vijijini, ulikuta takriban asilimia 9, na presha kwa mtu mmoja kati ya wanne. Tafiti hizo mbili hazikupima watu wa namna moja, lakini uelekeo hauhitaji mtaalamu kuusoma.

Hospitali ya Bugando, Mwanza, ilipowachunguza wagonjwa 369 wa kliniki ya kisukari, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, asilimia 83.7 walikuwa na dalili za ugonjwa sugu wa figo. Kwa wengi wao ilikuwa ni protini kwenye mkojo. Robo hivi ndio ambao uwezo wa figo kuchuja ulikuwa tayari umeshuka. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa akijua kwamba figo zake zina tatizo. Na kule Moshi, watafiti waliopita nyumba kwa nyumba walikuta kwamba karibu nusu ya wenye ugonjwa sugu wa figo hawakuwa na kisukari, hawakuwa na presha, wala hawakuwa na virusi vya Ukimwi. Kwa maneno mengine, katika mikoa yetu kuna mambo mengine yanayoua figo, na mtu hapati kinga dhidi yake kwa sababu tu ana kisukari.

Amerika ya Kati wameliona hili kwa uchungu. Wakata miwa wa El Salvador na Nicaragua, vijana wenye nguvu wasio na kisukari, wamekuwa wakipoteza figo kwa maelfu, na mojawapo ya mambo yanayoshukiwa sana ni kazi ngumu juani na kukaukiwa maji mwilini siku baada ya siku. Wanazalisha sukari ya watu wengine na figo zao zinakufa bila sukari. Mwambao wetu nao una miwa, una mashamba ya chumvi, una wavuvi wanaoshinda baharini na dumu moja la maji. Daktari anayemuuliza mgonjwa wa mwambao huu kazi yake ni ipi hapotezi muda.

Sasa tuutazame ugonjwa wa figo wa kisukari wenyewe, kwa sababu usipoujua mwendo wake hutaweza kuona pale ambapo mwendo umekwenda kombo. Figo hufanya kazi ya kifumbu: damu inapita, uchafu na maji ya ziada vinatoka, vyenye thamani vinabaki. Sukari ikikaa juu miaka mingi, kuta za vichujio hunenepa, matundu hulegea, na protini iitwayo albumini huanza kuponyoka kidogo kidogo. Hapo mgonjwa hana habari. Haumwi, na mkojo kwa macho ni ule ule. Miaka inapita, albumini inaongezeka, presha inapanda, mkojo unatoa povu lisilokatika chooni, halafu ndipo uwezo wa kuchuja unaposhuka. Mwaka 1936 Paul Kimmelstiel na Clifford Wilson, wakiwa Boston, walieleza vifundo walivyoviona kwa hadubini ndani ya figo za marehemu waliokuwa na kisukari, na hadi leo mtaalamu akiviona vifundo hivyo hana haja ya kubahatisha.

Kipimo cha kwanza, kwa hiyo, hakiuzwi dukani. Ni kalenda. Katika kisukari cha aina ya kwanza, kile kinachowapata zaidi watoto na vijana, protini nyingi kwenye mkojo kabla ya miaka mitano tangu ugonjwa uanze ni jambo la kustaajabisha. Kasi nayo inasema. Figo zinazoharibiwa na sukari huchukua miaka. Mtu aliyefunga Ramadhani akiwa na vipimo vizuri, kisha ikifika Mfunguo Tatu kreatinini yake, ile taka ya damu inayopanda figo zikishindwa kuchuja, imepanda mara mbili, huyo ana kitu kingine, na kitu hicho huenda bado kinatibika. Vivyo hivyo kwa yule aliyevimba mwili mzima ndani ya wiki mbili, mkojo ukijaa protini, ilhali mwaka jana haikuwemo.

Tatizo ni kwamba kwa kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho cha walio wengi, kalenda yenyewe huongopa. Watu hugundua wana kisukari kwa bahati: kampeni ya kupima bure, kidonda kisichopona, macho yaliyoanza kuona ukungu. Cheti kinasema miaka miwili, mwili unasema kumi. Daktari akisema ugonjwa wako ni mchanga mno kuharibu figo, anaweza kuwa anahesabu kuanzia siku ya kipimo badala ya siku ya ugonjwa. Ndiyo maana kalenda husomwa pamoja na macho.

Macho ya mgonjwa, nina maana. Mishipa midogo ya nyuma ya jicho na ile ya figo huharibiwa na sukari kwa namna inayofanana, na ya jicho ina sifa moja ambayo ya figo haina: inaonekana kwa kuchungulia tu, bila kuchoma mtu. Kwa kisukari cha aina ya kwanza, figo zikiwa zimeharibiwa na sukari, karibu kila mara macho nayo huwa yameguswa. Macho yakiwa safi, tafuta sababu nyingine. Kwa aina ya pili mambo hayanyooki hivyo. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2013, uliokusanya tafiti 26 zenye wagonjwa wapatao 2,000 waliotolewa vinyama vya figo, ulionyesha kwamba katika kila wagonjwa 100 wenye figo zilizoharibiwa na kisukari, kama 65 tu ndio waliokuwa na madhara ya macho. Wale 35 macho yao yalikuwa salama na figo zao zimeharibiwa na sukari vile vile. Na kati ya waliokuwa na ugonjwa mwingine wa figo, mmoja katika wanne alikuwa na madhara ya macho pia. Kwa hiyo jicho linatoa ushahidi, halitoi hukumu. Hata hivyo ni ushahidi ambao mgonjwa wa Kerege au Zinga anaweza kuupata kwa safari moja ya Dar es Salaam, katika hospitali ya CCBRT au ya Muhimbili, na ni uchunguzi ambao kila mwenye kisukari anatakiwa kufanyiwa kila mwaka hata kama figo zake ni nzima. Kumchukua mgonjwa miaka mitano kliniki bila mtu kumchungulia macho ni kuacha ushahidi umelala barabarani.

Tukija kwenye mkojo, Bagamoyo ina hadithi yake.

Ugonjwa wa figo wa kisukari hutoa protini. Kwa kawaida hautoi damu nyingi. Kijiti cha kupimia mkojo kikionyesha damu pamoja na protini, vitabu vya ng'ambo vitakuambia ufikirie vichujio vilivyovimba kwa sababu ya kinga ya mwili iliyokosea njia, na ni kweli lazima ufikirie hivyo. Ila huku pwani kuna jibu lililotangulia vitabu hivyo: kichocho. Kichocho cha mkojo kinaishi na konokono wa maji baridi, kwa hiyo mvuvi wa maji ya chumvi anaweza kuzeeka bila kukipata, lakini aliyekulia kwenye majaruba ya mpunga ya bonde la Ruvu, au akicheza kwenye madimbwi baada ya masika, ni mwingine. Dawa ya prazikwanteli hugawiwa shuleni kwa watoto. Mtu mzima wa miaka hamsini mara nyingi hakuwahi kuimeza. Minyoo ile hutaga mayai kwenye kuta za kibofu na mirija ya mkojo, mirija inakakamaa kwa makovu, mkojo unarudi nyuma na kuzijaza figo hadi zinavimba kama mfuko. Mtu huyo huyo anaweza kuwa na kisukari cha miaka kumi. Ukimwandikia dawa za kisukari pekee, unatibu nusu yake.

Faida yetu ni kwamba kazi ya kutafuta kichocho haihitaji mashine kutoka Ulaya. Inahitaji hadubini, mkojo uliotolewa mchana wakati mayai yanatoka kwa wingi, na fundi wa maabara mwenye jicho zuri. Bagamoyo ni mji ambamo Taasisi ya Afya Ifakara imefanya utafiti wa chanjo ya malaria kwa miaka mingi, ikiwemo ile iitwayo RTS,S, jirani kabisa na hospitali ya wilaya. Watu wanaojua kukaa kwenye hadubini wapo mjini hapa. Fundi huyo anayetafuta mayai ya kichocho ndiye anayeweza kuona kama chembe nyekundu za damu zimepindapinda na kujikusanya kama vijiti, dalili kwamba damu inatoka ndani ya vichujio vya figo na wala haitoki kwenye kibofu. Hiyo ni habari nzito, na kwa vifaa ni ya bei ndogo.

Hata protini yenyewe isiaminiwe kwa mara moja. Homa, kazi nzito, hedhi, na maambukizi ya njia ya mkojo ambayo wenye kisukari huyapata mara kwa mara, vyote huweza kuipandisha. Hurudiwa, na ikithibitika kwa muda wa miezi mitatu ndipo inapoitwa ugonjwa. Kuna pia mkojo mweupe kama maziwa, unaotokana na minyoo ya matende na mabusha ambayo mwambao huu unaifahamu vizuri. Huo hupimwa ukaonekana umejaa protini ilhali vichujio vya figo havina kosa.

Nimeacha dawa makusudi hadi hapa, kwa sababu ndipo penye mambo mengi na ndipo watu husema machache zaidi mbele ya daktari.

Mzozo wa kutenganisha madhara ya dawa na ya ugonjwa katika nchi yetu una zaidi ya miaka mia. Wajerumani, waliokuwa na makao yao makuu hapa Bagamoyo hadi mwaka 1891 walipohamia Dar es Salaam, walikuwa wakifa kwa homa ya mkojo mweusi: homa, mkojo unageuka rangi ya kahawa nzito, figo zinagoma. Kila mtu alisema ni malaria. Robert Koch, yule aliyegundua vimelea vya kifua kikuu, alifika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1897, akawachunguza wagonjwa, akatoka na maneno yaliyowaudhi wengi: kinachowaua ni kwinini, yaani dawa waliyokuwa wakimeza kutibu malaria. Wenzake walimpinga vikali. Leo tunajua kila upande ulishika kipande cha ukweli. Malaria na kwinini iliyomezwa ovyo ovyo, leo ipo kesho haipo, vilishirikiana kupasua chembe nyekundu za damu na kuziziba figo. Ugonjwa na dawa yake, ndani ya mtu mmoja, na hakuna aliyeweza kuvitenganisha kwa kutazama rangi ya mkojo pekee.

Kwinini ya leo ni diklofenaki. Mwenye kisukari ana ganzi na maumivu ya miguu, ana goti, ana mgongo. Duka la dawa liko hatua chache na hakuna anayemwuliza. Anameza asubuhi na jioni, miezi na miezi. Dawa za kundi hilo, pamoja na ibuprofeni, hubana mishipa inayopeleka damu kwenye figo, na zikikutana na vidonge vya presha vya kundi la kaptopri au losatani, na vile vya kukojoza, na siku ya kuharisha au jua kali, figo zinaweza kuzima ghafla. Mtu huyo akipimwa, kreatinini iko juu, ana kisukari, na faili linaandikwa kisukari. Angeulizwa tu, angetoa karatasi ya vidonge mfukoni.

Kisha mitishamba. Sina ugomvi na mitishamba. Babu zetu waliponea humo. Lakini kuna mmea mmoja wa uani kwetu ambao nataka utajwe kwa jina. Birimbi, lile tunda chachu la kijani tunalotia kwenye mchuzi wa samaki na kwenye achari, limejaa asidi iitwayo okzaliki. Mawili matatu kwenye chungu cha familia hayana neno. Huko Kerala, pwani ya kusini ya India ambako linaliwa kama hapa, watu walianza kulikamua na kunywa maji yake mazito ili kushusha lehemu. Mwaka 2013 madaktari wa huko waliandika habari za wagonjwa 10 kutoka hospitali tano ambao figo zao zilizima baada ya kunywa maji hayo. Saba walilazimika kusafishwa damu kwa mashine. Fuwele za asidi ile zilikuwa zimejazana kwenye mirija ya figo. Mashauri ya kunywa vitu vichungu na vichachu kupambana na sukari yanazunguka sana vijiweni na kwenye simu. Birimbi la glasi lisiwemo.

Nikisema hivi, najua kuna atakayeshika upande usio wenyewe. Uvumi wa mtaani unasema vidonge vya kisukari ndivyo vinavyoua figo, na kuna watu wameacha metformini kwa sababu hiyo. Metformini haiharibu figo. Husimamishwa uwezo wa figo ukiwa umeshuka sana kwa kuwa hapo haitoki mwilini vizuri, na hilo watu wamelisikia kinyumenyume. Anayeiacha kwa hofu anaziacha figo zake mikononi mwa sukari.

Wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi wana hesabu yao ya pekee, na wengi wao sasa wanafikia umri wa kupata kisukari na presha. Mchanganyiko unaotumiwa sana nchini una tenofoviri na dolutegraviri. Ya kwanza, kwa watu wachache, huumiza mirija ya figo, na dalili mojawapo ni sukari kuonekana kwenye mkojo wakati ya kwenye damu iko sawa. Ya pili hupandisha kreatinini kidogo bila kuumiza figo hata chembe, kwa kuzuia tu njia mojawapo ya kuitoa. Na virusi vyenyewe visipodhibitiwa vina ugonjwa wao wa figo. Mtu mmoja, mambo manne yanayoweza kueleza namba ile ile. Hapa mtabibu wa kliniki ya VVU na yule wa kliniki ya kisukari wakiwa hawasemezani, mgonjwa ndiye anayelipa.

Kwa wanaume wazee, kabla ya maneno marefu, apigwe ultrasaundi. Tezi dume iliyovimba huzuia mkojo. Kisukari nacho huua mishipa ya fahamu ya kibofu hadi mtu hahisi kwamba kimejaa. Ultrasaundi pia huonyesha mengine. Figo zilizoharibiwa na kisukari mara nyingi hubaki na ukubwa wa kawaida kwa muda mrefu. Moja ikiwa kubwa na nyingine imesinyaa, mshipa wa damu wa ile ndogo huenda umebanwa, na mgonjwa wa namna hiyo ndiye ambaye kreatinini yake hupaa mara tu anapoanzishiwa kaptopri. Zikiwa zimejaa vifuko vya maji pande zote mbili, ni ugonjwa wa kurithi.

Kidonda cha mguu nacho kina njia yake ya kufika kwenye figo. Bakteria wa usaha huamsha kinga ya mwili, na mabaki ya vita hiyo hukwama kwenye vichujio. Mgonjwa aliyekuwa na kidonda tu sasa anakojoa damu na kuvimba. Hapo tiba iko kwenye kidonda.

Na kuna dalili moja ambayo huja imevaa nguo za furaha. Mgonjwa wa miaka mingi anaona sukari yake inashuka yenyewe. Anapunguza sindano, baadaye anaacha kabisa, anatoa shukrani kwa Mungu na kwa mganga wa mwisho aliyemwona. Kumbe sehemu ya insulini huondolewa mwilini na figo. Figo zikifa, insulini ile kidogo inakaa muda mrefu zaidi, na hamu ya kula nayo imekufa. Sukari iliyoshuka bila sababu kwa mtu mwenye kisukari cha siku nyingi ni sababu ya kupima kreatinini wiki hiyo hiyo.

Yote hayo yakishafanyika na bado jambo halieleweki, ndipo inapofika zamu ya kinyama cha figo. Sindano hiyo ya kupitia mgongoni ilipata umaarufu mwaka 1951 kwa kazi ya Poul Iversen na Claus Brun wa Copenhagen. Leo hufanywa kwa kuongozwa na ultrasaundi, mgonjwa yuko macho na amechomwa ganzi. Hatari yake kubwa ni kutoka damu, kwa hiyo presha sharti itulizwe kwanza. Ugumu kwetu uko baada ya sindano: kinyama kinataka mtaalamu aliyebobea katika kusoma figo na rangi maalumu za maabara, na hivyo vimekusanyika katika hospitali chache kubwa. Bagamoyo hadi Muhimbili ni kama kilomita 70. Muhimbili yenyewe, kwa asili, ni mtoto wa hapa. Sewa Haji Paroo, tajiri wa biashara ya misafara aliyekuwa na nyumba na mali Bagamoyo, ndiye aliyetoa fedha za hospitali iliyofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1897, mwaka ule ule aliofika Koch, na hospitali hiyo ndiyo iliyokua ikawa Muhimbili.

Tangu Novemba 2017, Muhimbili inapandikiza figo, na Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018. Hapo kujua chanzo kunageuka kuwa deni kwa mtu wa pili. Baadhi ya magonjwa ya vichujio hurudi na kuivamia figo mpya ndani ya muda mfupi. Mengine hupita kwenye ukoo. Mwaka 2010 watafiti waligundua kwamba aina fulani za jeni iitwayo APOL1, zinazowakinga Waafrika dhidi ya vimelea vya malale, humwongezea hatari ya ugonjwa wa figo yule aliyezirithi kwa baba na kwa mama. Zimejaa zaidi Afrika Magharibi. Afrika Mashariki zipo kwa uchache. Ndugu anayejitolea figo ana haki ya kujua kama ugonjwa uliomwangusha kaka yake unaweza kuwa unamvizia naye.

Wapo madaktari wanaosema mjadala huu umepitwa na wakati, na hoja yao si nyepesi. Mwaka 2020 utafiti uitwao DAPA-CKD, wenye wagonjwa 4,304, ulionyesha kwamba dapagliflozini, dawa iliyoanza kama ya kisukari, inalinda figo za wenye kisukari na za wasio nacho. Theluthi ya wagonjwa hao hawakuwa na kisukari. Losatani nayo inafanya kazi pande zote mbili. Kama dawa ni ile ile, wanauliza, kuna haja gani ya kuhangaika na chanzo? Kwa mgonjwa wa Msata ambaye hata losatani haipati kila mwezi, swali hilo lina uzito.

Lakini waandaaji wa utafiti huo huo waliwaweka nje, tangu mwanzo, wenye figo zilizoshambuliwa na ugonjwa wa lupasi, wenye uvimbe wa mishipa ya damu unaotokana na kinga ya mwili, na wenye vifuko vya maji vya kurithi. Walijua kwamba hao njia yao ni nyingine. Mwenye lupasi anahitaji dawa za kutuliza kinga, na mapema. Mwenye kichocho anahitaji prazikwanteli, na pengine upasuaji wa mirija. Anayemeza diklofenaki anahitaji mtu wa kumwuliza. Na mzee wa miaka 70 ambaye kibofu chake kimejaa lita mbili za mkojo asizozihisi, hata umpe dapagliflozini ya mwaka mzima, hatapona. Atiwe mpira wa mkojo leo, na mara nyingi kreatinini yake itaanza kushuka kabla wiki haijaisha.